Mshika Chetezo wa Talat Noi
Sehemu ya Kumi na Moja

Mkono uliomshika binti yetu Sokim begani haukuwa wa polisi, wala wa mzimu, kama baadhi yenu mlivyobishana wiki nzima. Ulikuwa mkono wa mzee, mkavu, unaonuka udi.

"Virudishe," sauti ikasema nyuma yake. "Virudishe ulipovitoa, mwanangu, kabla hujatuangamiza sote."

Sokim akageuka, bado kapiga magoti, kisanduku kiko wazi mbele yake chini ya madhabahu. Alikuwa Mzee Khiam, mtunza hekalu, ufagio mkononi. Ni mzee huyuhuyu aliyemfundisha kuwasha kijiti cha udi alipokuwa na miaka minne.

"Mzee Khiam, hivi vibao vina risasi ndani."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliyevitoboa ni mimi."

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, vibao vyenyewe ni hivi: vipande viwili vya shina la mwanzi, vyekundu, vimechongwa mfano wa mwezi mchanga, upande mmoja bapa na upande wa pili mgongo. Anayemuuliza Babu wa Gati, mungu wa hekalu letu, jambo huvitupa sakafuni. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mgongo juu, Babu amesema ndiyo. Vyote vikionyesha mgongo, amesema la. Vyote vikionyesha bapa, anakucheka, na ujue hujajibiwa.

Hivi alivyoshika Sokim visingeweza kusema la. Kimoja kilitiwa uzito mgongoni, kingine upande wa bapa. Ungevitupa mara mia, ungepata ndiyo mara mia. Sokim alijua kwa kuvishika tu, maana miaka kumi na minne alikuwa akifungua gia boksi katika duka la vipuri la baba yake, na kiganja chake hakidanganyiki kwa uzito. Risasi yenyewe aliitambua hata kabla ya kuiona: ile ya kusawazishia magurudumu, iliyojaa kila kichochoro cha Talat Noi.

"Ulivitoboa kwa ajili ya nani?"

Mzee Khiam akautazama mlango. Nje ya ukumbi wanawake walikuwa wakipika uji wa mchele kwa ajili ya watu waliofunga, na vyombo viligongana. Ilikuwa asubuhi ya mwisho ya Siku Tisa. Mtaa mzima ulivaa nyeupe, na tangu zianze hakuna aliyeonja nyama wala yai.

"Unamjua," akasema. "Usinitajishe jina lake mbele ya Babu."

Bunkiat! Nani mwingine? Adhuhuri ya siku ileile ndipo angechaguliwa Mshika Chetezo wa mwaka, naye Bunkiat alikuwa anagombea. Anayepata ndiyo nyingi mfululizo ndiye hupewa chetezo cha shaba, na pamoja nacho muhuri wa hekalu, ule wa kuidhinisha mikataba. Na ardhi yote ya kichochoro kile, nyumba ishirini na moja mpaka ukingo wa mto Chao Phraya, ni mali ya hekalu. Mikataba ya wapangaji ilikuwa inaisha mwaka huohuo. Bunkiat alikuwa ameshawaahidi watu wa hoteli kwamba watapata mto mbele na uwanja mtupu nyuma. Aliyesimama kumpinga alikuwa mmoja tu, Teng, baba yake Sokim.

"Kwa hiyo leo unampa Bunkiat hivi, anashinda, sisi tunahama?"

"Alinishika pabaya, mwanangu. Mimi nalala hapa nyuma ya hekalu, sina ndugu. Akasema nikikataa, usiku wangu wa kwanza chini ya daraja ni leo."

Machozi yakamtoka mzee wa watu. Sokim akaona aibu kumtazama.

"Basi nitavitupa mtoni."

"Atakuwa na vingine." Mzee akainama, sauti ikashuka. "Lakini mimi ndiye ninayewakabidhi watu vibao. Mimi! Nikimpa Bunkiat vile vya kweli, na hivi nikampa baba yako, nani atajua?"

Sokim akainua macho kwenye madhabahu.

"Babu atajua," akasema.

"Babu anataka watu wake wabaki hapa. Au wewe unaona vingine?"

*

Sokim akatoka bila kujibu. Akapita katikati ya vilima vya injini zilizofumuliwa, akaruka dimbwi jeusi la oili na maji ya mto yaliyopandia kwenye mtaro, akakunja kona ya ukuta wenye mizizi. Bendera za manjano zilining'inia kila mlango. Hakuna aliyempigia kelele ya utani, jambo ambalo si la kawaida kwa mafundi wa Talat Noi. Kila mtu alikuwa akiangalia ukuta wa nyumba ya kina Sokim.

Alama ya msalaba, nyekundu, rangi ingali mbichi. Nyumba ya kwanza kuvunjwa.

Ama, bibi yake mzaa baba, alikuwa ameketi mlangoni na beseni la maharage yaliyochipua, anang'oa mikia mmoja mmoja. Ana miaka themanini na sita na ulimi haujazeeka hata siku moja.

"Umewaona?" akauliza. "Wamekuja wawili na ndoo, wakanipaka nyumba. Hata hawakuniuliza rangi ninayoipenda."

"Ama, waliingia ndani?"

"Mmoja alichungulia. Nikamwambia, ingia ule uji, hujafunga lakini una sura ya njaa. Akakimbia." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Sokim, chumba hiki nimezaliwa humu, nimezaa humu. Limebaki jambo moja, nalo nataka nilifanyie humuhumu. Baba yako atashinda?"

"Atashinda."

"Unajuaje?"

"Najua tu, Ama."

"Nimempa vibao vyangu vya nyumbani akavifukize huko, maana miguu yangu haifiki. Mwambie asivisahau. Ana kichwa kama chekecheke yule."

Sokim akambusu bibi yake utosini. Nywele zake zilikuwa chache mno, na ngozi ya kichwa ilionekana. Moyo wa mjukuu ukapasuka, na hapo ndipo alipokata shauri. Ndugu msomaji, mimi simtetei. Nakuuliza tu wewe, ungelikuwa na Ama wako mlangoni na rangi ile ukutani, ungefanya nini?

Alirudi hekaluni mbio. Mzee Khiam alikuwa anafagia palepale alipomwacha, mahali palipokwisha kuwa safi.

"Fanya," Sokim akamwambia.

"Vizuri," mzee akajibu.

Alijibu haraka mno. Sokim alilisikia hilo, akalipuuza.

*

Adhuhuri ukumbi ukajaa mpaka vizingiti. Joto la watu, joto la mishumaa, moshi wa udi unaokata koo. Wengine walikuwa wamepanda juu ya mapipa ya oili nje, wanachungulia madirishani.

Teng na Bunkiat wakavishwa majoho meupe ya hekalu, yenye mikono mipana inayofika magotini. Teng alionekana kama mtu aliyeazimwa shuka. Bunkiat lilimkaa, kama kila kitu kinavyomkaa Bunkiat.

"Kaka Teng," Bunkiat akasema kwa sauti ya kusikika, "ukishindwa usinune. Nitakuachia hata duka moja huko nje ya mji. Vyuma vinauzika popote."

"Na wewe ukishindwa," Teng akajibu, "njoo dukani nikufundishe kazi. Mikono yako ni laini, utaanza na kuosha skrubu."

Kicheko kikapita ukumbini, kikafa upesi.

Bunkiat alitangulia. Mzee Khiam akampa vibao, akavizungusha juu ya moshi. Sokim, mstari wa mbele, alimtazama mzee machoni. Mzee akapepesa kope. Ni vile vya kweli.

Bunkiat akatupa.

Ndiyo.

"Moja!" umati ukahesabu.

Ndiyo. "Mbili!" Ndiyo. "Tatu!"

Kwa nguvu gani? Vibao safi, havina kitu, na bado Babu anamkubali mtu huyu?

"Nne!"

Mwaka uliopita mshindi alipata tatu. Mwaka wa kabla yake, nne. Bunkiat akavuta pumzi, akatupa tena, na kibao kimoja kikazunguka juu ya ncha yake muda mrefu kabla ya kulala.

"Tano!"

Mwanamke mmoja akaanza kulia waziwazi. Ya sita, migongo yote miwili. La.

Bunkiat akainamia madhabahu, akarudi nyuma ametulia kama mtu aliyeshiba. Ndiyo tano! Hakuna mtu aliye hai Talat Noi aliyewahi kuziona. Sokim akamshukuru Babu wa Gati, akamshukuru na Mzee Khiam, kwamba walikuwa wamepanga kudanganya. Bila ule udanganyifu, baba yake angefanya nini leo?

Teng akaja mbele. Mzee Khiam akamkabidhi vibao.

Baba yake akavipokea, na mkono wake ukashuka kidogo. Kidogo tu, kiasi cha unywele. Akasimama. Akainua uso polepole, akamtafuta binti yake kati ya watu, akamtazama. Sokim hakuweza kuyazuia macho yake. Yaliruka chini.

Teng akaugeuzia umati mgongo. Akainama mbele ya Babu mara tatu, taratibu, paji la uso likigusa sakafu, joho limemfunika mikono yote. Alikawia chini mara ya tatu. Kisha akainuka, akatupa.

"Moja!"

"Mbili!"

"Tatu! Nne!" Sasa walikuwa wanapiga kelele. "Tano!"

Nje, boti ilipiga honi mtoni, na hakuna aliyegeuza kichwa.

Teng akatupa mara ya sita. Kimoja bapa, kimoja mgongo.

Sokim hakusikia neno "sita". Alisikia mngurumo, watu wakikumbatiana na kulia, mafundi wakipiga vyuma nje. Ama atakufa nyumbani kwake! Ndilo jambo pekee aliloliwaza. Kisha akamwona Bunkiat.

Bunkiat alikuwa anatabasamu.

*

"Ndugu zangu," Bunkiat akasema, mikono juu. "Nampongeza Kaka Teng. Ila nina jambo dogo. Nimesikia uvumi mbaya, na sitaki jina la Babu lichafuke. Wanasema hekaluni humu kuna vibao vilivyotiwa risasi."

Kelele zikakatika.

"Mti huelea," akaendelea, "hata mtoto anajua. Risasi huzama. Tuletewe ndoo ya maji ya mto tumalize maneno. Kaka Teng hawezi kukataa, au sio?"

Ndoo haikutafutwa. Ilikuwa tayari nyuma ya nguzo, imejaa, na aliyeibeba kuileta mbele alikuwa Mzee Khiam.

Sokim akaanza kuunganisha mambo. Ule ufunguo wa hekalu "uliosahauliwa" msumarini Jumanne, uliomwezesha kuingia kwa siri, ni nani aliyeusahau? Kisanduku kisichofungwa vizuri, machozi, usiku wa kwanza chini ya daraja! Bunkiat hakuwa na haja ya vibao vya uongo. Haja yake ilikuwa vikutwe mkononi mwa Teng. Na adhabu ya kumdanganya Babu kila mtu aliijua: jina la nyumba hukwanguliwa kwenye ubao wa majina ya koo za mtaa, na ukoo mzima huondoka kabla jua halijazama. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tuliaminishwa na mzee kwa sababu ya ufagio tu.

"Mzee Khiam," Sokim akaita.

Mzee hakumtazama.

"Tia, Kaka Teng," Bunkiat akasema kwa upole. "Tunangoja."

Teng akaviokota vibao sakafuni. Sokim alijaribu kusogea, apige kelele, aiangushe ndoo, afanye lolote. Alichelewa. Baba yake akanyoosha mkono juu ya maji, akafungua vidole.

Vikatumbukia. Maji yakaruka.

Vikaelea.

Vikakaa juu ya maji ya rangi ya chai, vinazunguka vyekundu, vyepesi, kama bata wawili. Mtu mmoja akacheka kicheko cha wazimu, na ukumbi mzima ukafumuka. Walimwinua Teng, wakamshusha, wakamwinua tena. Bunkiat akamgeukia Mzee Khiam, na uso wake haukuwa na damu. Mzee akatikisa kichwa, haelewi.

Mila yetu ni kwamba mtoto mkubwa humfunga Mshika Chetezo mpya kitambaa chekundu kiunoni. Wakamsukuma Sokim mbele na kitambaa. Akainama kufunga fundo.

"Baba, vipi..."

"Vya bibi yako," Teng akanong'ona bila kusogeza midomo. "Nilikuwa navyo mkononi mwa joho, nivifukize. Vyako ni vizito kama dhambi, Sokim. Nilibadilisha nilipoinama."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilikutazama usoni. Tangu lini umejua kuficha?"

Sokim akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko kofi. Zile ndiyo sita zilikuwa za kweli. Babu wa Gati alikuwa amemchagua baba yake kwa haki, mbele ya watu wote, kwa vibao vya kikongwe asiyeweza kutembea. Hakukuhitajika udanganyifu wowote. Udanganyifu pekee uliokuwemo hekaluni aliuleta yeye.

"Vya uongo viko wapi sasa?"

"Mkono wa kulia. Vitoe upesi, wanaleta chetezo."

Ili kukipokea chetezo, Mshika Chetezo huinua mikono yote miwili juu ya kichwa, na mikono ya joho humteremkia mabegani. Kisha huizunguka madhabahu nacho mara tatu. Kikigusa sakafu, au mikono ikishuka kabla ya mzunguko wa tatu kwisha, uchaguzi umebatilika.

Akajifanya anamnyoosha baba yake joho. Vidole vikaingia ndani ya kitambaa, vikagusa kimoja, vikakivuta, akakitia mfukoni mwa suruali. Akarudisha mkono kutafuta cha pili.

"Jitenge, mwanangu," sauti ikasema sikioni pake. Mzee Khiam alikuwa ameshafika na chetezo cha shaba, makaa yamewaka, moshi umemfunika uso. Akajipenyeza kati yao kwa bega. "Mikono juu, Mshika Chetezo!"

"Mikono juu!" umati ukaitikia.

Teng alimtazama binti yake mara moja tu. Kisha akainua mikono, kwa sababu hakuwa na la kufanya, na chetezo kikatua juu ya viganja vyake.

Mkono wa joho ukateremka taratibu. Kibao kikatoka.

Hakikuanguka kama mti. Kilidunda kama nati ya injini, kikabiringika kidogo, kikaja kusimama mbele ya kiatu cha Bunkiat.

Watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Walio mbali wakauliza nini, nini.

Bunkiat hakukiokota. Alikisukuma kwa ncha ya kiatu ili watu wasikie kinavyokwaruza. Damu ilikuwa imemrudi usoni. Wala hakumtazama Teng.

"Vibao huenda viwili viwili," akasema. "Nionyeshe mifuko yako, Sokim."

Angeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna mtu anayevijua vichochoro vile kama yeye. Badala yake akatia mkono mfukoni, akakitoa cha pili, akakiinua juu kila mtu akione.

"Ni vyangu," akasema. "Alinipa Mzee Khiam, na mimi nikakubali. Baba yangu hakuvitupa. Alivyotupa ni vile vilivyoelea, vya Ama, nyote mnamjua Ama!"

"Alitupa vibao vipi? Tano za kwanza kwa vibao vipi, ya sita kwa vibao vipi?" Bunkiat akaugeukia umati. "Kuna aliyeona? Nyie mlioona, semeni!"

Hakuna aliyeona. Teng aliinama akiwa ameugeuzia umati mgongo, na wote walikuwa wametazama mgongo wa joho.

"Shusha chetezo, Teng," Bunkiat akasema.

Mtu wa pili akasema hivyohivyo, mzee wa duka la radieta, jirani yao wa miaka arobaini. "Shusha, Teng. Shusha tu, ndugu yangu." Kisha wa tatu. Kisha wakawa wengi, si kwa hasira, kwa hofu, maana jina la Babu lilikuwa limeguswa na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kusema.

Makaa yalikuwa yanadondosha majivu moto juu ya mikono mitupu ya Teng, na Sokim aliona ngozi ikibadilika rangi.

"Baba, shusha," akalia. "Kosa ni langu. Shusha, utaungua!"

"Wewe nyamaza," baba yake akamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kupaza sauti. "Babu alisema ndiyo mara sita. Nilimsikia mimi."

Akainua mguu, akaanza mzunguko wa kwanza.

Umati ukampisha hatua tatu, hatua nne. Kwenye nguzo ya pili watu wanne wa Bunkiat walikuwa wameshashikana mikono, na hawakuonyesha dalili ya kusogea.